Lenzi ya mbali: kwanza niambie utasimama wapi

Swali huja kwa sura ileile: "Dada, ninunue ya ngapi?" Ya ngapi, yaani lenzi ya milimita ngapi; milimita zikizidi, lenzi inavuta mbali zaidi. Safari hii limetoka kwa mtoto wa mama mdogo, kijana anayeongoza wageni kutazama ndege Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ameweka akiba tangu msimu wa wageni uliopita, ametazama video zote za mitandaoni, na ameshaamua kuwa ni 600. Kwangu alikuja kutafuta baraka tu. Nilimtilia chai, nikamnyima baraka.

Kwa wasionijua: riziki yangu ni kupiga picha za kupamba, ile sherehe ya bibi harusi. Siku ya kupamba ukumbi ni wa wanawake watupu, mpiga picha mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, na hapa Malindi wanawake tunaoishika kazi hii si wengi. Lenzi za kupamba ni fupi na zina tundu kubwa la kuingizia mwanga, kwa sababu taa za ukumbini zimewekwa kupendeza macho, hazikuwekwa kwa ajili ya kamera. Nina 50 f/1.8 (hiyo f ni namba ya tundu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), nina 24-70, na nina 70-200 ya kumfikia bibi harusi akiwa jukwaani. Ndege ni mapenzi yangu ya siku zinazobaki, na ndege hawalipi. Kila shilingi iliyonunua lenzi ya ndege imetoka kwa bibi harusi fulani, kwa hiyo mie huzungumzia lenzi kwa uchungu wa mnunuzi.

Nikamwuliza: utasimama wapi? Akacheka, akadhani namtania. Lakini swali hilo ndilo lote. Hapa petu, ndani ya saa moja ya gari kutoka mjini, kuna mahali patatu penye wanyama na ndege, na kila pahali panataka lenzi yake. Mlango wa mto Sabaki hautaki kile kinachotakiwa na Sokoke. Hori ya Mida ina masharti yake tena, na sharti kubwa la Mida halihusu lenzi kabisa. Mtu anayesema "600 ndiyo lenzi ya wanyama" anazungumza juu ya mahali alipo yeye.

Tuanze na kalamu. Chukua urefu wa ndege kwa mita, zidisha kwa milimita za lenzi, gawa kwa mita zilizopo kati yenu. Jibu ni ukubwa wa ndege huyo, kwa milimita, juu ya kihisi mwanga cha kamera. Kuna ndege mdogo wa kahawia anayezaa Madagaska, wataalamu wanamwita Glareola ocularis. Huvuka bahari kuja kukaa kwetu kipindi cha kusi, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, na Sabaki ni mojawapo ya mahali anapojulikana zaidi. Urefu wake ni kama sentimita 24. Akiwa umbali wa mita 40, lenzi ya 400 inamchora milimita 2.4. Kihisi cha kamera yangu, Canon 80D, kina upana wa milimita 22 na ushei. Ndege amechukua sehemu moja ya tisa ya picha. Ukiweka 600 anakuwa milimita 3.6, sehemu moja ya sita. Afadhali, lakini bado ni kinukta. Sasa rudi kwenye ileile 400 yako, umsogelee hadi mita 20: milimita 4.8. Umemshinda mwenye 600, na hukununua kitu.

Najua jawabu lake: ndege hasogelewi. Wengine hasa hawasogelewi. Ila hesabu inakuonyesha kuwa kutoka 400 kwenda 600 ni sawa na kusogea kutoka mita 40 hadi mita 27. Hizo mita 13 ndizo unazonunua. Jiulize kama mahali unapokwenda huwezi kuzipata kwa magoti na subira.

Na hapohapo tuliondoe hili la "kihisi kidogo kinazidisha". Watu wanapenda kusema 400 kwenye kamera ya aina yangu inakuwa 640. Haiwi. Ni 400 ileile iliyokatwa kingo. Kinachokipa kihisi kidogo faida ni kwamba pikseli zake, vile vinukta vinavyojenga picha, zimebanana, milioni 24 kwenye eneo dogo, kwa hiyo ndege wa milimita 2.4 anapata pikseli nyingi zaidi, kama 650 kwa urefu. Ni faida ya kweli, na bodi (kamera bila lenzi) za namna hiyo za mtumba zimeshuka bei. Mwenye pesa kidogo asinunue bodi ya kihisi kikubwa halafu akakosa pesa ya lenzi. Wengi wanapinduka hapo.

Sabaki sasa. Mto huu huko bara ni Athi, ukiingia Tsavo ni Galana, ukitufikia sisi ni Sabaki, na ndio unaotuletea udongo mwekundu ufukweni mvua zikinyesha bara. Boda itakuvusha daraja, ikuache kijijini, kisha ni miguu yako na mchanga. Wakati mwingine kuna heroe kwenye madimbwi, kuna buabua na shakwe kwenye ulimi wa mchanga, kuna viboko ambao ni lazima ujue walipo kabla hujaanza kutambaa kwa tumbo. Pako wazi kabisa. Mwanga ni mwingi mno, ndege wako mbali, na hakuna mti wa kujificha. Mtu akiniambia atakuwa anakwenda Sabaki peke yake, sina ubishi na 600.

Ila Sabaki ina mambo mawili ambayo video za mitandaoni hazimwambii.

La kwanza ni upande wa jua. Asubuhi jua linatoka baharini. Ukisimama upande wa nchi kavu ukatazama maji, ndege wako wote ni weusi, hata buabua mweupe. Inabidi uzunguke, ushuke kwenye ulimi wa mchanga, bahari iwe mgongoni mwako na uso uelekee bara. Jioni mambo yanageuka. Kwa hiyo siku nzuri ya Sabaki ni siku ya kutembea sana kwenye mchanga mlaini, na hapo ndipo kilo zinapoanza kusema. Sigma 150-600 ile nyepesi, wanayoiita Contemporary, ina kilo moja na gramu mia tisa na kitu. Tamron ya urefu huohuo ni kilo mbili. Nikon 200-500 ni kilo mbili na gramu mia tatu. Sony 200-600 ni kilo mbili na kidogo. Hizo ni kilo za lenzi tupu, bodi bado, maji ya kunywa bado. Kusi likivuma, ule mkono mrefu wa mbele unaokinga jua unashika upepo kama tanga, na unapigana nao mpaka mabega yanauma. Lenzi kubwa zaidi, 600 f/4 za wakubwa, bei yake inanunua gari, na hata zile zilizopunguzwa uzito siku hizi hazishuki chini ya kilo tatu kwa wastani. Hizo tuwaachie wenye magari ya kuzibeba.

Kwa nini f/4 iwe nzito hivyo? Gawa milimita kwa namba ya tundu. 600 ukigawa kwa 4 ni 150: kioo cha mbele lazima kiwe na upana wa sentimita 15 angalau. 600 kwa 6.3 ni kama 95. 400 kwa 5.6 ni 71. Upana wa kioo ndio uzito, na uzito ndio bei. Mwaka 2020 Canon walitoa 600 ya f/11 kwa kamera zao zisizo na kioo cha kupindua, kile kinachoinuka ndani ya kamera unapopiga. Kioo chake kinahitaji milimita 55 tu, na lenzi nzima haifiki kilo moja, ni gramu 930. Wapiga picha wa nchi za mawingu waliicheka. Mie sikucheka. Kwa jua la Malindi saa moja na nusu asubuhi, f/11 pale Sabaki ni kitu cha kutumika. Sharti uwe na bodi ya aina hiyo, na ukubali kwamba ukitoka Sabaki ukaingia msituni, lenzi hiyo inabaki begini.

La pili ni hewa. Hili ndilo ningependa kila mtu alijue kabla ya kutoa pesa. Kufikia saa tatu asubuhi mchanga umeshapata moto, na hewa iliyo juu yake inapanda ikiyumba. Baina yako na heroe aliye mita 150 kuna mita 150 za hewa hiyo. Picha inatoka laini, mstari wa shingo umekuwa mawimbi, jicho halipo. Hakuna lenzi inayorekebisha hilo. Lenzi ya bei ya gari itakuonyesha mawimbi hayo kwa ufasaha zaidi, basi. Na kadiri unavyonunua milimita nyingi ndivyo unavyojitia kupiga kutoka mbali, ndivyo unavyokusanya hewa nyingi kati yenu. Nimewahi kuletewa lenzi mpya na kijana aliyetaka kuirudisha dukani, anasema haifokasi. Tukaiweka juu ya ukuta, tukapiga picha mfululizo za mzinga wa nyuki ulio mbali, kisha dafu lililo mita kumi. Dafu lilitoka na nyuzi zake zote. Mzinga ulibadilika umbo kutoka picha hadi picha. Lenzi yake haikuwa na lolote. Ukitaka kupima wewe mwenyewe, piga picha kumi za kitu kilichotulia: zikitofautiana ukali zote kumi na kamera iko imara, laumu hewa.

Kwa hiyo Sabaki nafika mapema na ikifika saa tatu naondoka, au narudi alasiri upepo ukiwa umeipoza ardhi. Kuhusu upepo: ndege huruka wakiuelekea. Kusi likitoka upande wa kusini, jiweke kusini yao, watainuka wakija kwako. Jua mgongoni na upepo mgongoni havipatikani pamoja kila siku, lakini siku vikipatikana hata 300 inatosha.

Mida ni habari nyingine. Pale kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia ndege, na miezi ya kaskazi hori lote linajaa ndege wageni, vitwitwi na sururu, na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Maji yakiwa yamekupwa, ndege wako nusu kilomita huko matopeni, na hapo mwenye 400 na mwenye 600 ni wakosaji wote wawili. Kaa kitako. Maji yakianza kujaa, matope yanapungua, ndege wanasogezwa kidogo kidogo, na wewe hujanyanyua mguu. Tazama kalenda ya maji kabla ya kutazama bei ya lenzi. Hapa pwani mtoto wa mvuvi anaijua bamvua kabla hajajua kusoma, lakini ukimpa kamera anasahau yote, anaanza kuulizia milimita. Jioni ya kaskazi pia kuna keremkerem wekundu wanaokuja kulala mikokoni kwa makundi. Hapo unataka lenzi inayoweza kurudi nyuma, upate kundi na mbingu yake.

Sasa Sokoke, ambako mdogo wangu anashinda na wageni siku nyingi zaidi kuliko Sabaki na Mida kwa pamoja. Hapa ndipo 600 yake ilipokufa mbele ya chai yangu.

Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba kama 420, na si msitu wa aina moja. Kuna sehemu ya mrihi juu ya mchanga mweupe, yenye nafasi na mwanga. Kuna sehemu ya mfunda juu ya udongo mwekundu, kichaka kimefungamana, giza la alasiri lipo tangu asubuhi. Kwenye mfunda ndiko anakokaa bundi mdogo wa Sokoke, yule aliyeingizwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1966 kwa jina la Otus ireneae. Wageni wanavuka bahari kuja kumwona. Urefu wake ni sentimita 17 hivi, na waongozaji wanaojua kazi yao wanakupeleka mpaka mita tano, sita, kutoka kwenye tawi analolala mchana. Rudi kwenye kalamu: 0.17 zidisha 400, gawa kwa 5. Milimita 13.6. Kihisi cha kamera ya mdogo wangu, kama changu, kina kimo cha milimita 15. Bundi ameshajaa. Ukiweka 600 anakuwa milimita 20, unamkata kichwa au miguu, na huwezi kurudi nyuma kwa sababu nyuma yako ni kichaka na mgeni wa pili.

Sange naye ndivyo hivyo. Yule mnyama wa pua ndefu mwenye nyonga ya dhahabu, anayepatikana pwani yetu tu na misitu michache jirani, hutokea ghafla mita nane mbele yako, anachakura majani, halafu hayupo. Mwili wake, mbali na mkia, ni sentimita 28 hivi. Kwa 400 ni milimita 14. Inatosha kabisa. Kinachokosekana Sokoke ni mwanga. Chini ya mfunda, kwa f/5.6 na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200, kamera yangu hunipa kasi ya sehemu moja ya 60 ya sekunde, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa bundi aliyelala hiyo ni kasi nzuri, mradi mkono wako usitikisike, na hapo ndipo kizuia mtikisiko kinapolipa kila senti yake. Kwa sange anayekimbia, kizuia mtikisiko hakina faida. Kinatuliza mkono wa mpigaji, mnyama anaendelea na safari yake. Watu wanachanganya mambo haya mawili kila siku. Ndege anayeruka Sabaki namtaka kwa 1/2000, na kwa kasi hiyo mtikisiko wa mkono haujulikani upo au haupo, kwa hiyo kitufe cha kuzuia mtikisiko kiwe kimewashwa au kimezimwa, ni mamoja.

Flashi kwa bundi, hapana. Na kumpigia sauti yake kwenye simu ili afungue macho, pia hapana. Hilo mdogo wangu analijua kuliko mie, amegombana na wageni kwa ajili yake.

Mie mwenyewe natumia Canon 400 f/5.6, ile ya urefu mmoja isiyovuta, muundo wa mwaka 1993. Niliinunua mtumba. Haina kizuia mtikisiko hata kidogo. Ina kilo moja na robo, inafokasi haraka, na nikiinua mkono kumfuata buabua siihisi. Kwa Sabaki siibadilishi na kitu cha bei yake. Lakini haifokasi kitu kilicho karibu kuliko mita tatu na nusu, na ndani ya Sokoke asubuhi naifunga kwenye mguu mmoja wa chuma, navizia jani lililotulia. Ndiyo maana sikumwambia mdogo wangu anunue kama yangu. Mazoea ya mtu si ushauri.

Yeye nilimwambia 100-400, ile ya Canon ya toleo la pili, ya mwaka 2014. Ina uzito wa kilo moja na nusu hivi bila kishikio chake cha stendi. Kizuia mtikisiko chake ni kizuri. Na jambo ambalo hakulifikiria: inafokasi kitu kilicho chini ya mita moja. Mchana wageni wakichoka na ndege huwa anawapeleka Gede kwenye mradi wa Kipepeo, unaolea vipepeo wa msitu huohuo. Lenzi ileile itapiga bundi asubuhi na kipepeo mchana, bila kufungua kamera na kuingiza vumbi. Wenye Nikon wana 80-400, wenye Sony wana 100-400 yao. Mwenye Canon mpya isiyo na kioo na pesa kidogo aitazame 100-400 ya f/5.6-8, ni gramu 635 tu, ila f/8 msituni itamtesa.

"Na kurefusha kwa kile kioo cha katikati?" akaniuliza. Kizidishi cha 1.4 kinafanya 400 kuwa 560, na kinakula hatua moja nzima ya mwanga, yaani nusu yake: f/5.6 inakuwa f/8. Bodi nyingi za zamani zenye kioo cha kupindua zikizidi f/5.6 zinaacha kufokasi zenyewe, au zinabakiza nukta ya kati peke yake. Kizidishi cha 2 kinakula hatua mbili. Nunua lenzi kwanza, uishi nayo, hicho kioo kitakusubiri.

Hoja yake ya mwisho ilikuwa ya heshima. Wageni wanakuja na mizinga begani, yeye akisimama kando yao na kilenzi cha shibri moja watamdharau. Nikamwambia mgeni anakulipa umwonyeshe bundi, hakulipi umwonyeshe lenzi. Hakupenda, lakini alinyamaza.

Tsavo niiseme kwa haraka, kwa sababu watu hudhani ndiko kunakotaka lenzi kubwa kuliko kote. Kutoka Malindi unaingia kwa lango la Sala, kilomita mia na kitu. Ndani ya hifadhi hushuki garini, na dereva ndiye anayeamua umbali. Tembo wa mita tatu akiwa mita 15 kutoka dirishani, 400 inakupa jicho na sehemu ya sikio. Hata 100 inamkata. Picha zangu nzuri za tembo wekundu wa Tsavo zimetoka kwenye ileile 70-200 ya kupamba. Halafu simba yuko ng'ambo ya Galana, unaitamani 600. Kwa hiyo huko ni zumu, lenzi ya kuvuta na kurudisha, ndefu kadiri uwezavyo, na hapo 150-600 ina heshima yake. Gari linabeba uzito, na mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele ukiwekwa juu ya dirisha ni stendi nzuri kuliko ya dukani. Mwambie dereva azime injini. Na usibadilishe lenzi humo, lile vumbi jekundu halitoki. Zumu nyingi za kurefuka zinavuta hewa kila ukizivuta, na hewa ya Tsavo ina rangi. Sony 200-600 na Nikon 180-600 ya mwaka 2023 hazirefuki, vioo vinatembea ndani kwa ndani. Kwa mtu wa safari za gari hiyo ni sababu tosha ya kulipa zaidi.

Kuhusu mtumba, maana wengi wetu hatununui mpya. Mie siogopi lenzi iliyokwaruzwa nje. Naogopa lenzi iliyoishi pwani. Chumvi na unyevu wetu vinaingia pale macho hayafiki. Nenda na tochi. Fungua kifuniko cha mbele na cha nyuma, piga tochi upande mmoja, tazama upande wa pili kwa kuinamisha. Ukiona nyuzi nyembamba zenye matawi ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, shukuru, rudisha, usibishane bei. Tazama skrubu za bayoneti, pale lenzi inaposhikana na kamera, zikiwa na kutu muuzaji anajua ilikokuwa. Sikiliza injini ya fokasi, peleka mwisho hadi mwisho mara kadhaa. Washa kizuia mtikisiko utazame kama picha inatulia au inarukaruka. Kisha piga ukuta wa matumbawe, tundu likiwa wazi kabisa, ulinganishe pembe nne kwenye kompyuta. Pembe moja ikiwa laini kuliko wenzake, huenda lenzi imeshaanguka, hata kama muuzaji ataapa. Nikiwa na hiari, nanunua iliyokaa Nairobi.

Na ukishaileta nyumbani, isilale kwenye begi lake. Mikoba ya lenzi hunywa unyevu. Mie natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vile vijiwe vya kukausha vinavyobadilika rangi. Vikigeuka rangi navikaanga kwa moto mdogo mpaka virudi. Mchele usijaribu, hauvuti unyevu wa maana na unaacha unga. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache lenzi begini mpaka ipate joto, la sivyo kioo kitajaa maji na utakosa ile saa nzuri ya asubuhi ukikifuta kwa ncha ya leso.

Juzi ameniletea picha za 100-400 toleo la pili. Iko kwa dalali Nairobi, ina kishikio chake na kifuniko, na bei imezidi akiba yake kidogo. Nimemwambia aende na tochi na asilipe kabla hajapiga pembe nne. Pungufu nitamkopesha mie, atanilipa kaskazi wageni wakirudi, kwa sharti kwamba ndege wa Madagaska wakifika, lenzi hiyo ishinde kwangu wiki moja. Amekubali, ila ananiuliza kama siku za kupamba nazo zinahesabiwa.